Mwaka wa Kizimkazi si 1122
Mnaofundisha historia huku Mbeya na Iringa, kosa hili mtalikuta tu: maandishi ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yanataja mwaka 500 wa Hijria, mwanafunzi anajumlisha 622 (mwaka wetu ambapo hesabu ya Hijria ilianza), anapata 1122. Sivyo. Mwaka wa Hijria hufuata mwandamo wa mwezi, siku 354 au 355, mfupi kuliko wetu. Zidisha kwanza 500 kwa 0.97, upate 485, ndipo ujumlishe 622: 1107.

Huku juu msihangaike kutafuta mihrabu (kishubaka cha kibla msikitini) ya matumbawe. Uislamu ulitufikia karne ya 19 pamoja na misafara ya pembe za ndovu, na ukuta wa miti na udongo (mvua za Mbeya mnazijua) haudumu kama mawe ya Kilwa, alikofika msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, mwaka 1331.