Mkwaruzo

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyenifundisha kuchora, na alinifundisha kwa lazima. Miaka ya themanini, pale Kaloleni, Nairobi, kila Jumamosi alipasua pakiti tupu ya unga, akaigeuza upande usio na maandishi, akafungua gazeti la Taifa Leo kwenye katuni ya Juha Kalulu wa Edward Gitau na kusema neno moja: "Anza." Nikikosea mkono wa Juha, nilipata kofi la kisogo. "Mkono una mifupa ndani," alikuwa akisema. "Anza na mifupa, hata kama haitaonekana." Nikimaliza, aliichukua ile karatasi akaiinua dirishani, akaiinamisha huku na huku kwenye mwanga kutafuta mahali nilipofuta. Kufuta hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kusema sikufuta.

Kufikia mwaka wa 2006 mimi ndiye niliyekuwa nikila kwa kalamu. Nilichorea kampuni ya matangazo mchana, na usiku katuni za gazeti moja lililonilipa lilipojisikia. Yeye alikuwa amerudi kwa Mama miaka kadhaa nyuma. Aliwahi kuandika mabango ya bucha na kuchora vichwa vya vinyozi kutoka Burma hadi Makongeni, na ukipita leo huenda ukakuta kimoja kimebaki. Kisha akaja nyumbani Krismasi moja na hakuondoka. Alikuwa na vidonge vyake vya asubuhi na vya jioni, redio, na kitanda kile kile tulichokuwa tukilala wawili. Majirani waliacha kumuulizia.

Mzee mmoja kazini, aliyesomea California, aliniazima DVD ya filamu ya makala iitwayo Crumb. Terry Zwigoff aliitengeneza kwa miaka mingi, ikatoka 1994, na mwaka uliofuata ikapata tuzo kuu ya filamu za makala kule Sundance. Inamhusu Robert Crumb, mchoraji wa katuni ambazo Wamarekani huziita za chini ya ardhi. Niliitazama peke yangu kwanza. Wiki mbili baadaye, Jumamosi, nikapanda matatu na diski kwenye mfuko wa koti kuelekea Kaloleni. Mpaka leo sijui nilitaka nini hasa. Najua nilichojiambia: kwamba kaka apaswa kuona mkono wa yule mtu ukichora.

Tulikaa sebuleni, mimi na yeye, Mama akiwa jikoni. Ilikuwa msimu wa Kombe la Dunia la Ujerumani na kila mara ukuta wa jirani ulilipuka kwa kelele. Nilikuwa mkalimani, kwa sababu Kiingereza cha Crumb ni cha mtu anayejisemea ndani ya kola.

"Chini ya ardhi namna gani?" kaka akauliza, akicheka. Kwetu sisi chini ya ardhi ilikuwa Nyayo House, jengo la serikali lenye vyumba vya mateso chini yake, walikoshushwa watu miaka ile ya Mwakenya, kundi la siri la upinzani, kwa sababu ya vijikaratasi. Nikamweleza kwamba kwao tangu 1954 wachapishaji wakubwa wa vitabu vya katuni walikuwa wamejiwekea masharti ya nini kichorwe na nini kisichorwe, basi vijana wa San Francisco wakachapisha vyao bila kupitia kwa wale wakubwa. Mwaka wa 1968 Crumb na mkewe wa kwanza, aliyekuwa mjamzito, walikiuza kitabu chake cha Zap mtaani Haight, kimepangwa ndani ya kigari cha kusukumia mtoto.

"Askari wa kanjo hawakuwafukuza?"

"Haisemi."

"Basi hiyo si chini ya ardhi. Huo ni uchuuzi wa River Road."

Alikuwa na siku nzuri. Ilikuwa muda mrefu sijamsikia akitania. Crumb alipoketi mkahawani kuchora wapita njia, kaka alisogeza kiti hadi karibu aguse kioo. Hakutaka tena tafsiri. Yule bwana hapigi mstari mmoja mnene na kuondoka. Kivuli anakijenga kwa vistari vidogo vinavyokatana, vingi kama nyuzi za gunia, hadi kiatu kinapata uzito na shavu linapata nyama. Nilimwona kaka kidole chake kikitembea kwenye goti la suruali.

Kisha Mama akaingia na trei ya chai, na kwa bahati yetu ndipo akatokea Angelfood McSpade. Asiyemjua: ni mwanamke wa Kiafrika aliyechorwa na Crumb, midomo kama matairi, sketi ya nyasi, akili hana, mwili ni wa kila mwanamume. Mama akasimama na trei.

"Huyu ni nani kachorwa hivi?"

"Kuna Mmarekani anachora, Mama."

Akatazama kidogo. "Anatujua?"

"Hapana."

"Haya," akasema, akaweka chai na kurudi jikoni.

Ndani ya filamu wenye elimu wanabishana. Robert Hughes, mhakiki wa sanaa, anamlinganisha Crumb na Bruegel, mchoraji wa kale wa Ulaya. Trina Robbins, mchoraji mwenzake, na mwanahabari Deirdre English wanasema hapana, kuna mahali dhihaka huisha na kubaki uchafu wa mtu mwenyewe. Mwenyewe hajitetei sana. Anakiri hajui vyote hutoka wapi. Mimi nilikuwa upande wa Hughes hadi Mama aliposimama na ile trei. Nilikuwa nimejiambia kwamba yule mwanamke si sisi, ni picha iliyokuwa tayari vichwani mwa Wamarekani weupe na Crumb akaitapika mezani waione. Labda ni kweli. Lakini maelezo hayo hayakuchorwa kwenye ukurasa, na mamangu alikuwa ameona ukurasa tu. Kaka hakusema neno juu ya hilo. Alikunywa chai.

Akaja Charles. Huyu ni kaka mkubwa wa Crumb, aliyemlazimisha mdogo wake kuchora tangu wakiwa watoto. Ni mtu mzima anayeishi kwa mama yao, hatoki, anasoma vitabu vile vile na kumeza dawa, na anasema mambo ya kutisha huku akicheka, tena anachekesha kweli. Nilishusha macho kwenye kikombe changu. Ukuta wa jirani ulilipuka. Goli la nani, sikujua. Filamu inaonyesha madaftari ya Charles kwa mpangilio wa miaka: mwanzoni watoto na maharamia wa hadithi ya Treasure Island, michoro mizuri kuliko ya mdogo wake. Kisha maneno yanaongezeka ndani ya vile viputo vya usemi. Viputo vinavimba, watu wanabanwa pembeni, kurasa zinajaa maandishi, na mwishowe kuna vistari vidogo tu, safu baada ya safu, ambavyo si picha wala si herufi.

"Rudisha nyuma," kaka akasema.

Nikarudisha. Tukaitazama sehemu ile mara tatu.

"Huyu ndiye fundi," akasema. "Yule mwingine ni mwanafunzi."

"Mwanafunzi ndiye maarufu."

"Sijasema maarufu."

Tukaendelea. Kuna kaka wa tatu, Maxon, anayekalia kitanda cha misumari na kuombaomba mjini, lakini sikuwa namwona tena. Nilikuwa nahesabu dakika. Nilijua Crumb atahamia kusini mwa Ufaransa na familia yake, kwenye nyumba aliyoipata kwa kutoa madaftari yake sita ya michoro. Nilijua pia kwamba baada ya hapo yatakuja maandishi meupe, na maandishi yale yanasema Charles alijiua. Alijiua filamu ikiwa bado haijatoka. Kusoma Kiingereza kaka alijua kuliko mimi.

Masanduku yalipoanza kufungwa nikainuka. Nikabonyeza kitufe, nikatoa diski.

"Imekwama," nikasema. "Ina mkwaruzo hapa mwishoni."

Sebule ilinyamaza. Mama akaita kutoka jikoni, "Baba, mmemaliza?" Huniita hivyo kwa sababu nina jina la baba yake.

"Tumemaliza, Mama."

"Na yule kaka yake," kaka akauliza, "aliishia wapi?"

"Haikusema."

Akanyoosha mkono. Nikampa. Akasimama chini ya balbu, akaiinua ile diski ikiwa imeshikwa ukingoni kwa vidole viwili, akaiinamisha huku, akaiinamisha huku, taratibu, rangi zikimpitia usoni. Akairudisha ndani ya kasha, akalibana hadi likalia, akanipa.

"Muulize Mama kama chai imebaki," akasema.