Mito mitatu

Mimi ni muuguzi wa usingizi katika hospitali ya wilaya, kusini mwa Tanzania. Wagonjwa huniita daktari wa nusu kaputi, nami nimechoka kuwasahihisha. Wengi ninaowahudumia ni watu wenye afya zao: mama wa kujifungua, mzee wa ngiri, kijana aliyevunjika mguu kwenye bodaboda. Ukikosea kidogo, mwili wao unakusamehe. Huyu ninayemsimulia hakuwa wa kusamehe.

Aliletwa saa kumi na moja jioni, msimu wa masika. Miaka 24, mimba ya pili, uchungu ndio kwanza umeanza, mtoto amelala kwa kukingama. Kadi ya kliniki imeandikwa pumu. Daktari wa zamu, kijana mchapakazi, alikwisha kuandika salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa. Nilimkuta mgonjwa amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu inaning'inia, mikono ameikita magotini, ukimwambia alale anatikisa kichwa. Nikamgeukia mama mkwe wake.

"Shikamoo mama. Huyu nyumbani analalaje?"

"Marahaba mwanangu. Analalia mito mitatu. Mimi nikajua ni deko la mimba."

"Na utotoni aliwahi kuugua nini?"

"Mama yake alisema alikuwa akivimba magoti. Akawa anachomwa sindano kila mwezi, alipomaliza shule akaacha."

Pumu haina historia ya namna hiyo. Magoti ya kuvimba na sindano ya penisilini ya kila mwezi ni habari ya baridi yabisi, ule ugonjwa unaoanzia kooni kwa mtoto na kuja kumalizia kwenye milango ya moyo. Tukapekua mkoba wake, chini kabisa ikatoka karatasi ya kipimo cha moyo ya mwaka uliotangulia, imekunjwa mara nne. Mlango wa kushoto, kati ya chumba cha juu na cha chini, ulikuwa na uwazi wa sentimita ya mraba 1.1. Wa mtu mzima asiye na ugonjwa una 4 hadi 6.

Mlango uliobana hivyo unataka muda ili damu ipite. Moyo ukienda mbio, muda unakosekana, damu inarundikana kwenye mapafu na mgonjwa anazama akiwa nchi kavu. Salbutamoli huukimbiza moyo. Nilimwomba daktari aifute, akaifuta bila kinyongo, nami namheshimu kwa hilo mpaka leo.

Rufaa ilikuwa ndoto. Gari la wagonjwa lilikuwa limeondoka na mgonjwa mwingine, barabara ya saa tano katika tope, na uchungu kwa mtoto aliyekingama unaweza kupasua mfuko wa uzazi. Ilibidi apasuliwe hapahapa kwetu. Nikampigia simu bingwa wa usingizi wa hospitali ya rufaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja kabla ya yote: anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande? Hatumii. Angekuwa anaitumia, wazo la sindano ya ganzi ya mgongo lingekuwa limekufa hapohapo, maana damu ikivuja karibu na uti wa mgongo mtu anaweza kupooza. Tukakubaliana pia kwamba chupa ya uzazi ilikuwa haijapasuka na njia ya uzazi ilikuwa imefunguka kidogo tu, kwa hiyo tunayo saa moja ya kumtengeneza.

Nadhani saa hiyo moja ilifanya kazi kubwa kuliko kisu. Mapigo 124, oksijeni 88. Tulimkalisha wima, tukampa oksijeni, furosemidi, dawa ya kukojosha, miligramu 40 kwenye mshipa, na mofini kidogo, kwa sababu maumivu nayo huukimbiza moyo. Akakojoa karibu lita nzima. Saa moja na robo usiku mapigo yalikuwa 98, oksijeni 95, na kwa mara ya kwanza akaweza kusema sentensi nzima. Alisema, "Dokta, usinipige nusu kaputi."

Sikukusudia. Ketamini, dawa ya usingizi na rafiki yetu wa siku zote huku wilayani, nayo ingepandisha mapigo. Ganzi ya mgongo ya dozi ya kawaida ingeshusha presha kwa kishindo. Nikampa nusu njia: dawa ya ganzi, bupivakaini nzito, mililita 1.5 badala ya zaidi ya 2 tulizozoea, nikaongeza fentanili, ya kutuliza maumivu, mikrogramu 20. Fenilefrini, ya kuinua presha ikishuka, niliichanganya mwenyewe, ampuli ya miligramu 10 ndani ya mililita 100 za maji ya chumvi, ili nusu mililita iwe mikrogramu 50. Dripu niliibana maji yasije yakamjaa mapafuni, kisha kirekebishio chake nikakizungushia plasta, maana mikono ya thieta ina mazoea ya kufungulia maji kwa kila mama anayechomwa mgongo. Ergometrini, inayokaza mfuko wa uzazi lakini hupandisha presha, niliitoa kabisa kwenye trei. Oksitosini, nayo ya kukaza mfuko wa uzazi, iliingia polepole, tone kwa tone.

Presha ilishuka mara moja, 108 ikawa 86. Nusu mililita, ikarudi 101. Mtoto wa kiume akalia. Nikashusha pumzi, na hapo ndipo nilipokosea.

Ile orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, yenye vipengele 19, ambayo Ifakara ilikuwa miongoni mwa sehemu nane duniani zilizoijaribu kabla haijasambazwa, inamaliza kwa kutaka timu itaje kwa sauti kinachohofiwa baada ya upasuaji. Nilikitaja. Mfuko wa uzazi ukishakaza, damu iliyokuwa humo inarudi moyoni, kwa hiyo asilazwe bapa. Wote waliokuwa thieta walinisikia. Lakini sista niliyemkabidhi mgonjwa aliitwa leba, akamkabidhi mwenzake wa zamu ya usiku, nami nikaingia kwenye upasuaji mwingine. Maelekezo yalibaki kwenye fomu, mstari wa mwisho, kwa mwandiko wangu ambao hata mke wangu anaulalamikia.

Saa saba na nusu usiku nikapita wodini. Alikuwa amelala chali, bapa, mito mitatu imepangwa vizuri juu ya kabati. Midomo imekuwa ya kijivu, kikohozi kina povu. Oksijeni 81. Sista wa usiku hakuwa mzembe. Alifanya tulivyofundishwa wote: aliyechomwa ganzi ya mgongo asiwekewe mto, asije akaumwa kichwa. Wodi nyingi bado zinashika hilo, ingawa kulala bapa hakuzuii kichwa hicho.

Tulimwinua wawili, mito ikarudi, miguu ikashushwa, furosemidi nyingine, oksijeni kwa barakoa. Umeme, ajabu ya usiku ule, haukukatika. Kwa dakika ishirini nilikuwa natazama ile namba ya oksijeni kwenye kipimo cha kidoleni tu: 83, 83, 86. Mama mkwe amesimama mlangoni na mtoto, haulizi kitu. Saa nane na nusu ikafika 94.

Kuna utafiti mkubwa wa nchi 25 za Afrika uliochapishwa 2018. Waliofariki hospitalini baada ya kupasuliwa walikuwa 239, na 225 kati yao walifariki baada ya siku ya upasuaji kupita. Nilizijua namba hizo. Nilikuwa nimewahi kuwafundisha wanafunzi.

Nilikesha pale mpaka asubuhi, nikampima kila robo saa. Kabla hakujakucha nilichukua boksi la glavu, nikalipasua, nikaandika kwa herufi kubwa MITO MITATU, USITOE, nikalibandika kwa plasta juu ya kichwa cha kitanda. Usiku wa pili na wa tatu, ambazo ndizo saa za hatari zilizobaki, nilimkabidhi kwa mdomo, mtu kwa mtu, hata zamu ilipobadilika nikiwa nyumbani: nilipiga simu.

Siku ya sita aliondoka kwenda Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, akiwa na mtoto, barua ya rufaa, na sindano yake ya penisilini imeanzishwa upya. Mama mkwe alimpanga ndani ya gari kwa mito, na mmoja ulikuwa na mhuri wetu. Nilimwona, nikageuka kama nasaini fomu. Stoo wananidai mpaka leo.