Chupa ya nusu lita

Mama alizihifadhi pampu zake mbili za kuvutia dawa ya kifua, ya bluu na ya kahawia, ndani ya leso moja na kadi ya kliniki na pesa za nauli. Alipewa kwenye zahanati fulani ambayo sitaitaja, ndani ya bahasha iliyoandikwa "2x2" kwa kalamu, na hiyo ndiyo elimu yote aliyoondoka nayo. Miezi ikapita. Kilima cha kutoka kisimani bado alikipanda kwa kusimamasimama, kifua kikipiga miluzi, na majirani zetu wa Lushoto wakimsihi aachane na hayo madude. Pampu ukiizoea haikuachi, walisema. Mwenye kuvuta pampu huyo ameshakwisha.

Kabla ya hapo walikuwa wamesema kifua kikuu. Makohozi yakapimwa, hakuna kitu, lakini kuna nyumba ambazo hawakuacha kumtengea kikombe chake peke yake. Mama aliliona hilo na hakulisema.

Mwishoni mwa 2013 nikamchukua mpaka hospitali ya mkoa, Tanga. Tuliteremka milima na basi la alfajiri, baridi ikatuachia Mombo, na tulipofika mjini mama alikuwa amevua sweta na kulalamika kwamba hewa ya huku ni nzito kama uji.

Walianza kwa kumpulizisha mashine. Kijana wa kipimo akambana pua kwa kibanio, akampa bomba mdomoni, kisha akaanza kupiga kelele kama yuko uwanjani: puliza, puliza, puliza, usikate, bado, bado! Mama alimaliza akiwa ameshika meza. Wakampa dawa ya kufungua kifua, wakamwacha akae kama robo saa, wakampulizisha tena. Daktari akalinganisha majibu, akatueleza kwamba mwenye pumu mara nyingi dawa ile ikiingia mirija hufunguka sana. Ya mama ilifunguka kidogo tu. Akamwuliza alivuta sigara miaka mingapi.

Mama alicheka mpaka akakohoa. Sigara! Yeye!

"Unapikia nini, mama?"

"Kuni."

"Jiko lina dirisha?"

Halikuwa nalo. Lilikuwa jiko la udongo nyuma ya nyumba, mlango mmoja, kuni za miwati ambazo msimu wa mvua hazikauki, na mama alikuwa amepuliza moto wa mafiga tangu akiwa msichana mdogo kwa mama yake.

"Basi umevuta," daktari akamwambia. Ule ulikuwa ugonjwa sugu wa mapafu, wa moshi. Kilichokwisha kuharibika hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kusaidiwa. Akatusukumia chumba cha pili.

Huko tulimkuta nesi mtu mzima, wa kukaribia kustaafu, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Mama akamsalimia, nesi akaitikia huku akinyoosha mkono kupokea ile leso. "Hebu vuta nikuone, bi mkubwa. Kama unavyofanya nyumbani."

Mama akafunua mdomo, akaiweka pampu mbele ya meno, akabonyeza mara mbili mfululizo, akafumba mdomo. Ukungu mweupe ukamtoka puani.

"Dawa yote umeupa ulimi," nesi akasema, bila kumcheka. Akataka auone huo ulimi. Ulikuwa na utando mweupe ambao mama alikuwa anausugua kwa chumvi, akiamini ni sumu ya madude. Nesi akamwambia ni fangasi. Ile ya kahawia ni ya kila siku, hata ukijisikia mzima, na kila baada ya kuivuta usukutue maji uyateme. Ya bluu ni ya pale unapobanwa. Mama alikuwa akizitumia kwa kufuata iliyotangulia mkononi.

Kisha nesi akafungua kabati, akatoa chupa tupu ya maji ya nusu lita. Kitakoni aliweka mdomo wa pampu, akauzungushia kalamu, akatoboa kwa waya uliochomwa moto, akaichomeka pampu na kuizungushia plasta mpaka pasibaki upenyo. Akamkabidhi mama upande wa shingo. Tikisa. Toa pumzi yote. Banisha midomo. Bonyeza mara moja tu, vuta taratibu, shikilia mpaka nihesabu kumi.

Alieleza kwamba dawa hutoka kwenye pampu kwa kasi, na nyingi huishia kooni. Ndani ya chupa hupunguza mbio, matone makubwa hunata ukutani, yale madogo kabisa ndiyo hushuka kifuani. Moyoni niliona ni mbinu ya hospitali isiyo na vifaa. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba madaktari wa Cape Town waliijaribu chupa ya aina hiyo kwa watoto wenye pumu wakachapisha matokeo 1999: ikizibwa vizuri, inafanya kazi sawa na kichupa cha dukani kilichotengenezwa kwa kazi hiyo.

Mama alirudia mpaka nesi akaridhika. Mara ya mwisho hakutoka ukungu. Alikaa, akaniangalia, akasema, "Imefika. Kumbe ni chungu huku chini," jambo ambalo nesi alisema haliwezekani, wakabishana kidogo kama ndugu.

Tulirudi Lushoto na chupa mbili, moja ya akiba, pamoja na agizo la kuziosha kwa sabuni ya vyombo na kuziacha zikauke zenyewe bila kufutwa. Pampu ile haikuwa na namba za kuhesabia, kwa hiyo mama akawa anachora vijiti kwenye kalenda ya ukutani, kwa kuwa aliambiwa imebeba mivuto 200 na hataki kukutwa na kopo tupu usiku. Kilima hakikugeuka tambarare. Alisimama mara chache zaidi, basi.

Gesi aliikataa katakata. Maharage ya gesi, alisema, hayana ladha, na mimi nilibishana naye nikashindwa. Lakini dirisha alilikubali. Jumamosi fundi akaja na sururu na kipimo tulichopatana, mama akaleta kigoda akamsimamia, na kila fundi alipotaka kuishia alimwambia aongeze, mpaka ukuta wa upande wa bondeni ukabaki nusu.