Dabi Iliyoamua Ubingwa

Jumatano ya tarehe 25 Juni 2025, Yanga imeifunga Simba mabao 2-0 katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, na kwa ushindi huo imetwaa ubingwa wa Ligi Kuu Tanzania Bara kwa mara ya 31, ikiwa ni mara ya nne mfululizo. Pacome Zouzoua alifunga kwa penalti katika kipindi cha pili, na Clement Mzize akamaliza kazi dakika za mwisho. Nimefurahi kwa namna ambayo sijawahi kufurahia ubingwa mwingine wowote wa klabu hii, nami ningependa kueleza sababu.

Kwa miaka mingi sisi Wananchi, yaani mashabiki wa Yanga, tumezoea kuvipata vitu hivi viwili, kumfunga Simba na kutwaa kombe, kila kimoja kwa wakati wake. Machi 2020 Bernard Morrison aliwafunga Simba kwa mpira wa adhabu, Jiji la Dar es Salaam likalala likiwa la kijani na njano, lakini kombe la msimu ule lilikwenda Msimbazi, kwa Simba. Julai 2021 Zawadi Mauya alifunga bao pekee la mchezo wa watani, tukashangilia tena, na kombe likaenda Msimbazi tena. Kisha mambo yakageuka: Aprili 2023 Simba walitufunga mabao 2-0 kupitia Henock Inonga na Kibu Denis, na bado mwisho wa msimu sisi ndio tuliovaa medali. Hata zile 5-1 tulizowafunga Novemba 2023, ambazo zitasimuliwa kwa wajukuu, zilikuja mapema mno katika msimu kiasi kwamba hakuna aliyeweza kusema kwamba zimeamua ligi. Safari hii ilikuwa tofauti kabisa, kwa kuwa mchezo wa watani ndio uliokuwa mchezo wa mwisho wa ligi, Yanga ikiwa na pointi 79 na Simba 78, na yeyote ambaye angeshinda angeondoka na kila kitu.

Hiyo pointi moja ya tofauti ndiyo ninayotaka kuizungumzia zaidi, kwa sababu naona watu wengi wanausimulia ubingwa huu kana kwamba ulipatikana katika dakika 90 za Jumatano. Ukweli ni kwamba tuliingia uwanjani tukihitaji sare tu, na jambo hilo liliubadilisha mchezo mzima kabla filimbi ya kwanza haijalia. Simba walilazimika kushinda. Timu inayolazimika kushinda hufika wakati ikapandisha mabeki wake, ikaacha nafasi nyuma, na dhidi ya watu wenye kasi na utulivu kama Pacome, Maxi Nzengeli na Mzize, nafasi hiyo ni hatari kubwa. Kipindi cha kwanza kilipokwisha bila bao, mimi nilikuwa na wasiwasi, lakini ukitazama kwa akili iliyotulia utaona kwamba kila dakika iliyopita ilikuwa inatufanyia kazi sisi na kuwabana wao.

Sasa, pointi ile ilitoka wapi? Novemba 2024 tulipoteza mechi mbili katika wiki moja, kwanza kwa Azam bao 1-0, kisha kwa Tabora United mabao 3-1, baada ya kuanza ligi kwa ushindi wa mechi nane bila kuruhusu hata bao moja. Klabu ikaachana na Miguel Gamondi, kocha aliyetupa ubingwa wa 2023/24, na wapo waliosema kwamba msimu umekwisha. Kuanzia hapo zilibaki mechi 20. Tumeshinda 19 na kutoka sare moja. Sare yenyewe ni ile ya bila kufungana na JKT Tanzania mwezi Februari, katika Uwanja wa Meja Jenerali Isamuhyo, mchezo wa kwanza wa Miloud Hamdi kama kocha wetu, ambao ulilalamikiwa sana kwa siku kadhaa. Kama tungepoteza siku ile, tungeingia Jumatano tukiwa sawa na Simba kwa pointi, tukitegemea tofauti ya mabao. Pointi moja iliyopatikana kwa shida katika uwanja mdogo, bila bao na bila shangwe, ndiyo iliyotuweka juu yao kwenye msimamo hadi siku ya mwisho. Ninaomba tuikumbuke pia tunapolitazama kombe.

Kwa upande wa Simba, lazima niseme kwa heshima yote kwamba sijawahi kuona timu iliyokosa ubingwa ikiwa na msimu bora kama wao. Wamepoteza mechi mbili tu katika ligi nzima, na zote mbili ni dhidi yetu: ile ya Oktoba 2024 iliyoamuliwa na bao la kujifunga la Kelvin Kijili mchezo ukielekea ukingoni, na hii ya juzi. Jean Charles Ahoua amekuwa mfungaji bora kwa mabao 16. Wamefika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, wakafungwa 2-0 na RS Berkane kule Morocco na kutoka sare ya 1-1 Zanzibar, na baada ya hapo wakarudi kumalizia viporo vya ligi mfululizo bila kuteleza. Fadlu Davids, kocha wao wa msimu huo, alijenga timu ya kweli. Mtani anayesema Simba ni wabovu anaupunguza thamani ushindi wetu mwenyewe, kwa sababu aliyefungwa Jumatano alikuwa ameshinda karibu kila mchezo mwingine aliocheza katika ligi hii.

Sisi nasi tulipita katika mitihani ambayo timu dhaifu isingeivuka. Tulikuwa na makocha watatu ndani ya msimu mmoja, kwani Sead Ramovic aliyempokea Gamondi aliondoka mwezi Februari kwenda CR Belouizdad ya Algeria wakati mambo yalikuwa yameanza kukaa sawa. Tulitolewa hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika baada ya sare ya bila kufungana na MC Alger nyumbani, jambo ambalo bado linaniuma. Kisha Stephane Aziz Ki, mfungaji bora wa msimu wa 2023/24 kwa mabao 21, aliondoka kwenda Wydad ya Morocco kabla msimu haujaisha. Nilidhani pengo lake lingeonekana katika mchezo mkubwa kuliko wote. Badala yake Mzize, kijana aliyelelewa katika timu yetu ya vijana, amemaliza ligi na mabao 14, na bao la mwisho la msimu, lililofunga mjadala wote, ni la kwake. Kwangu hilo ndilo jambo zuri kuliko yote katika siku ile.

Kuhusu sakata la tarehe 8 Machi 2025, nitasema kwa kifupi. Mchezo huu ulipaswa kuchezwa siku hiyo, Simba wakagoma kwa madai ya kuzuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mchezo, Bodi ya Ligi ikaahirisha, na klabu yetu ikapinga hadi kufika katika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo huko Uswisi. Nilikuwa miongoni mwa waliotamani tupewe pointi za mezani, yaani bila kucheza. Leo nashukuru kwamba mpira ulichezwa. Ubingwa wa mezani ungebishaniwa kila mwaka katika kila kijiwe cha Kariakoo, ilhali huu wa uwanjani haubishaniwi na yeyote. Hata hivyo, wasimamizi wa ligi wanapaswa kujua kwamba mashabiki waliosafiri kutoka mikoani mwezi Machi walipoteza nauli na muda wao, na mchezo wenye mvuto mkubwa kama huu katika ukanda wetu haustahili kuendeshwa kwa matangazo ya dakika za mwisho.

Jumapili ya tarehe 29 Juni 2025 tunavuka kwenda Zanzibar, Uwanja wa Amaan, kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho la CRDB, kombe la hapa nchini, dhidi ya Singida Black Stars, klabu aliyotoka Hamdi kuja kwetu. Kwa ubingwa huu wa nne mfululizo tumelingana na Simba wa kuanzia 2017/18 hadi 2020/21, na viongozi wetu wasipozubaa katika usajili, wa tano unawezekana. Ombi langu kwao ni moja: Mzize abaki. Fedha za kumuuza zitakuwa nyingi na zitashawishi, lakini Simba watarudi Agosti wakiwa na hasira na kikosi kilichokomaa, nasi tutamhitaji.