Juni 30 kwenye saiba ya Langoni: siku moja maishani mwangu

Saa kumi na mbili asubuhi nafungua mlango, njia za mtaa wetu wa Langoni, Lamu, bado zina nafasi, punda wa mchanga hawajaanza kupishana. Leo ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka ritani za kodi. Anayechelewa hutozwa faini, kuanzia shilingi 2,000, na wateja wangu wengi ni watu wa biashara ndogo ndogo ambao pesa hiyo watailipa kwa machungu. Sitaki laini ya intaneti ikatike mikononi mwangu.

Laini ni moja tu, ya kasi ya Mbps 10, na inahudumia kompyuta 14 za chini pamoja na wapangaji wawili wa ghorofani. Anayeigawa ni seva: kompyuta kuukuu ya mezani yenye mfumo wa Linux na kadi mbili za mtandao. Kadi moja imeunganishwa na modemu, kifaa kinachotuletea intaneti, ya pili na swichi, kisanduku chenye matundu mengi ya kebo, na kwenye swichi ndiko kebo zote zinakoanzia. Waifai peke yake hapa haifui dafu, kwa sababu kuta za mawe ya matumbawe ni nene na chumba cha pili tu mawimbi yameshakufa. Nimepitisha kebo juu, kando ya boriti.

Saa moja. Kompyuta ya tisa haina mtandao. Nachomoa plagi, naona shaba imeota kijani. Chumvi hiyo, ndiyo adui wetu wa kila siku. Naikata, napanga nyaya upya kidoleni: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Naibana kwa koleo, taa inawaka.

Saa mbili hadi saa nne ni foleni. Nywila zilizosahaulika, vyeti vya kuzaliwa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ritani.

Saa nne na nusu, kelele. "Mwanangu, imekwama!" ananiita bibi mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza ameketi. Jirani yake naye hivyo hivyo. Lakini waliokaa tangu asubuhi wanaendelea bila taabu. Hapo ndipo nikashtuka, maana laini ikifa hufa kwa wote.

Naangalia anwani ya kompyuta ya bibi, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao. Sisi seva yetu hugawa anwani zinazoanza na 10.10.0, na hii imepewa 192.168.1.23. Si seva yangu iliyompa. Kuna ruta, kifaa cha kugawa mtandao, ya mtu mwingine ndani ya mtandao wetu inayogawa anwani zake, na kompyuta ikiwashwa humfuata yule aliyejibu kwanza. Zilizowashwa mapema bado zilikuwa na anwani zao halali. Hizi mpya zimeelekezwa kwenye mlango usiotokea popote.

Nachomoa kebo moja moja kwenye swichi huku nikitazama skrini. Nilipochomoa ya ghorofani, ile anwani ngeni ikatoweka.

Napanda kwa Maalim, mpangaji wa ghorofani. "Asalamu alaykum, Maalim."
"Alaykumu salaam, mwanangu. Karibu."

Ruta mpya, nyeupe, imewekwa kwenye kidaka ukutani, karibu na misahafu. Maalim ameinunua jana ili simu yake ipate waifai chumbani, akachomeka kebo kwenye tundu la kwanza aliloliona. Hana kosa, matundu yote yanafanana. Nimemweleza kwa mfano wa nyumba zetu: mlango wa nje ni mmoja, mgeni husimama dakani kwanza, na ndani kuna vyumba vingi asivyoviona. Seva ndiyo daka. Huko nje intaneti inaona anwani moja tu, ya kwetu sote. Seva hukumbuka ni kompyuta ipi ya ndani iliyouliza nini, na jibu likija hulipeleka kwa mwenyewe. Sasa ruta yake ilikuwa imefungua daka la pili lisilo na njia. Nikazima ugawaji wa anwani kwenye ruta yake, nikaipa anwani ya 10.10.0 isiyotumiwa na mtu, nikarudisha kebo. Waifai yake ikafanya kazi, na chini nikaziagiza kompyuta ziombe anwani upya.

Saa nane wanaingia wanafunzi na video zao. Nimeiwekea seva kanuni: kila kompyuta ina fungu lake lisiloguswa, na fungu lisilotumika wengine huazima hadi mwenyewe alitake. Bila hilo, kijana mmoja anayeshusha video angewakausha watu wote, na leo nisingekubali.

Magharibi umeme unakatika. Betri inalia, lakini inabeba seva, modemu na kompyuta mbili nilizoziunganisha nayo. Watu wanapokezana viti.

Umeme unarudi saa tatu. Saa tano kasorobo bibi wa asubuhi, aliyekwenda nyumbani kutafuta namba yake ya PIN ya kodi, anarudi na mjukuu. Risiti inatoka kwenye printa, anaikunja mara nne na kuifunga kwenye ncha ya leso.