Siku moja maishani mwangu: kutwa na tanuru la labu, Tengeru

Saa 12 na nusu asubuhi. Jumatano ni siku ya soko Tengeru, haisi imebanana, akina mama na mikungu yao ya ndizi, ila mi mawazo yote yako kwenye tanuru tuliloacha linachoma usiku kucha, maana umeme ukikatika katikati ya safari hakuna kurekebisha.

Saa 1. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, umeme haujakatika." Fundi wetu wa labu kanijibu kabla hata sijauliza, nikashusha pumzi.

Tunatengeneza utando mwembamba wa superkondakta, yaani kitu ambacho ukikipoza vya kutosha kinapitisha umeme bila ukinzani wowote. Yetu ni YBCO, yaani itriamu, bariamu, shaba na oksijeni, ile iliyogunduliwa Marekani 1987 ikawa ya kwanza kufanya hivyo ndani ya baridi ya naitrojeni ya maji, yaani naitrojeni iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika. Njia yetu ni ya kemikali, unayeyusha trifluoroasetati, yaani chumvi zenye florini, za metali hizo tatu kwenye methanoli, unadondoshea kwenye kipande cha fuwele kinachozunguka kwa kasi, linabaki tabaka jembamba lenye unyevu. Mpaka hapo hata mwanafunzi mgeni anaweza. Kazi iko kwenye moto.

Natoa kipande, kinang'aa kahawia, nakiweka chini ya hadubini pembeni ya kingine tulichochoma haraka makusudi ili tulinganishe. Cha haraka kimepasuka kila upande. Cha usiku hakina ufa! Kati ya nyuzi 200 na 300 ndo zile trifluoroasetati zinavunjika, gesi zinatoka, na utando unasinyaa zaidi ya nusu ya unene wake, sasa ukiukimbiza hapo ni kama tofali bichi ulilolitupia moto mkali kabla halijakauka. Watu wanaulizaga joto la juu kabisa ni ngapi, mi naona swali la kwanza liwe umepandaje.

Saa 3. Awamu ya kukuza fuwele. Naitrojeni yenye oksijeni kidogo sana inapitishwa kwenye chupa ya maji ibebe mvuke, afu tunapanda mpaka nyuzi 780. Huu mvuke si pambo, ndo unaoondoa florini kwenye bariamu floraidi iliyobaki baada ya kuchoma, na kinachotoka ni haidrojeni floraidi, gesi mbaya kweli, kwa hiyo bomba la kutolea linaishia kwenye maji ya alkali na hakuna mtu anaruhusiwa kufungua chochote. Mdogo wangu wa mwaka wa kwanza anauliza, "Dada, si tukuze kwa 700 tu tuokoe umeme?" Nikamwambia ukikuzia chini sana punje nyingi za fuwele zinalala vibaya, zinasimama wima badala ya kujipanga bapa juu ya kipande, mkondo unakwama kwenye maungio, na ukizidisha sana juu utando unaanza kula kipande chenyewe. Akaandika kwenye daftari lake, nikafurahi.

Saa 7. Chakula cha mchana, loshoro, haraka haraka.

Saa 7 na nusu. Mvuke tumeshafunga, joto limeshuka mpaka 450, tunaingiza oksijeni kavu. Wengi wanaidharau hii hatua kwa sababu kwa macho hakuna kinachobadilika, utando ni mweusi vilevile, lakini bila hiyo oksijeni kuingia kwenye fuwele hauwi superkondakta kabisa, hata kama huko juu ulifanya kila kitu sawa. Kwa hiyo tunakaa. Masaa.

Saa 12 jioni. Naitrojeni ya maji tunayo kwenye mtungi, ni ileile wanayohifadhia mbegu za madume kule kituo cha uhimilishaji Usa River, nyuzi 196 chini ya sifuri. Waya nne za kupimia ukinzani juu ya utando, tunashusha joto taratibu. Ukinzani unapungua mdogo mdogo, afu karibu na nyuzi 183 chini ya sifuri unaporomoka wote. Sifuri! Mzee kapiga makofi. Kile kipande chenye nyufa nacho tulikikuza juzi kwa ratiba hiihii ya 780, kilianza kushuka karibu palepale lakini sifuri hakikufika, na hiyo inaniambia fuwele zilikuwa sawa, njia ya mkondo ndo ilikatika.

Saa 1 usiku. Nimeweka kipande kipya, kuchoma polepole vilevile, kesho tutakuzia 740 tuone zile punje za kulala vibaya zinaanzia wapi.