Fasi ya fufu

Hii ilinikuta hapa Goma mwaka 2014, mshahara wa kwanza uko mfukoni na mtu mwenye hela mpya unamjua, hatulii. Mama mudogo alitoka kisiwani Idjwi na boti asubuhi kuuza nanasi zake, boti ya kurudi ni saa nane, nikamwambia leo hatuendi malewa, kwa mama wa chakula cha barabarani, leo nakupeleka fastifudi. Akafurahi sana. Kumbe yeye kasikia "fasi ya fufu", na kwetu fasi si ndo mahali, basi akajifunga kitenge vizuri tukaenda kula fufu, ule ugali wetu.

Tunaingia, viti vya ngozi, ukutani picha ya hambaga kubwa kama kichwa cha mtoto, bei zote kwa dola. "Fufu haiko?" Haiko mama. Nikaagiza kuku na chipsi za watu wawili, dola 12, unalipa kwanza. Nikamwelezea sasa, hiki ni Kiingereza, maana yake chakula cha haraka. Tukangoja. Nusu saa. Umeme ukakatika, wakahangaika na jenereta, mara kijana akatoka mbio akarudi na mfuko wa viazi, vibichi, na udongo bado! Mama mudogo akaviangalia vile viazi, akaniangalia na mimi.

"Mutoto wangu, na cha polepole kinakuwaga je?"

Baadaye nilikuja kusoma kwamba ndugu wawili McDonald, kule San Bernardino Marekani, mwaka 1948 walipunguza aina za vyakula wakawa wanauza hambaga senti 15, unaomba unapewa hapo hapo. Sasa hiyo si malewa kabisa? Sufuria ziko kwenye makala ya moto toka asubuhi, fufu imeshafungwa kwenye sasheti, wewe kazi yako kunyoosha kidole, hii, na ile, ongeza supu kidogo mama, dakika mbili unatafuna. Ila jina tumewapa wenye viti vya ngozi.

Saa saba na nusu akasimama, boti haimngoji mtu. Mimi nikabaki, dola 12 zangu siziachi. Walivyonipa boksi nikapanda pikipiki mbio mpaka bandarini, boti naiona hiyooo, iko katikati ya ziwa.

Jioni akanipigia. Alikula malewa pale karibu na geti ya bandari, fufu na sambaza, vile visamaki vya ziwani, franga 1000, na boti ikamkuta ameshanawa mikono. "Ile ndo fasi ya fufu," anacheka.

Kuku nilimla peke yangu, nimekalia jiwe la volkano, chipsi zimepoa na chumvi walisahau.